Kijiko cha Miaka Mitatu

9 Januari

Wifi,

Salamu nitazileta mwishoni, zikibaki. Kwanza nikwambie kwa nini naandika wakati simu unayo na mimi ninayo. Jumapili ulinikatia. Ulisema napiga kelele, na mtoto akinisikia anaanza kujikuna. Haya. Barua haina sauti. Tena barua huwezi kuikata katikati, labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine.

Kidoti anakula? Analala? Kwangu hulala upande wa ukutani, mguu mmoja nje ya shuka. Ukimfunika huo mguu anautoa. Usihangaike nao.

Sikatai kwamba nilimtoa mwenyewe. Mwezi uliopita, alipovimba mara ya pili, miaka mitatu baada ya ile ya kwanza, kwa kipande cha mkate kilichokatwa kwa kisu changu, tulikaa kikao: wewe, kaka yako, mama, na mimi kwenye kigoda kama mshtakiwa. Mkaamua mtoto akae kwako mpaka mashine ya kusagia karanga itoke nyumbani. Nikakubali. Nyumba inayonukia karanga tangu mlangoni haimfai mtoto ambaye karanga inamziba koo. Sina cheti, lakini macho ninayo.

Ila mama anapita mtaani anasema nimemlisha mjukuu wake sumu kwa tamaa ya biashara. Na wewe unasikia, unanyamaza. Kwa hiyo ngoja nikukumbushe, maana kukumbuka kwako siku hizi kumekuwa kwa shida.

Kidoti alipokuwa na miezi mitatu ulikuja na sare yako nyeupe ya kliniki. Ukaona mashavu yamepasukapasuka, na mikunjo ya mikono inatoa maji. Ukasema, hii ni pumu ya ngozi, mtoto wa namna hii haonjeshwi karanga mpaka atimize miaka mitatu. Mama akacheka, akasema, "Kaka zake tuliwapaka mdomoni hata meno hawajaota, na hao hapo wanavunja viti." Nikamjibu, "Mama, Sista amesoma." Nilikutetea, wifi. Mama mkwe alinuna, mimi nikapika, nikapakua, nikala na mnuno wake mezani kwa ajili yako.

Miaka mitatu sikumwonjesha. Mimi, ambaye hata msibani wananitangaza kwa jina la Mama Karanga! Nikitoka kwenye mashine naoga ndipo namnyonyesha; iwe mvua, iwe homa, naoga. Siku aliyotimiza miaka mitatu nikachambua karanga moja moja, nikazikaanga kwa moto mdogo, nikazisaga peke yake laini kabisa. Nikamwita, "Njoo uonje kazi ya mama yako." Kijiko kimoja. Akalamba, akasema, "Tamu." Akataka kingine. Halafu nikaona mdomo unakua mkubwa.

Basi mwambie mama yako ilivyokuwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu nimevunjika vilevile.

Mashine naitafutia chumba. Mwambie Kidoti mama anakuja kumchukua.

Salamu zimebaki kidogo, chukua hizo.

Wifi yako,
Mama Karanga

22 Januari

Wifi mpendwa,

Barua yako imefika. Huku hatujambo. Mtoto anakula vizuri na analala vizuri. Mguu nimeuona.

Ngozi imekuwa laini, wifi, ungeiona usingeamini. Ile mikunjo imefunga. Nampaka mafuta asubuhi na jioni, na nyumba yangu, kama unavyoijua, haina vumbi. Chupa za sindano ya dharura zipo mbili, moja kwangu na moja kwa mwalimu wake. Shuleni anakaa meza yake peke yake wakati wa chakula. Watoto wengine walimwita "Usiniguse", nikaenda kuzungumza na mwalimu mkuu, wakaacha.

Kuhusu mama, nimemwambia asiseme maneno hayo. Lakini naye muelewe. Watu wa umri wake hawakulelewa na jambo hili. Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba hata kwa madaktari jina la mzio, yaani aleji, ni la juzijuzi, miaka mia na kidogo tu. Kabla yake mtu akila kitu akavimba aliambiwa ana damu chafu, au amerogwa. Na jina lilipopatikana, madaktari wengi walilicheka. Mzazi akilalamika mtoto wake anadhurika na maziwa, aliyeandikiwa dawa ni mzazi, dawa ya wasiwasi. Marehemu baba yetu hakugusa yai. Mama alimwita mwenye maringo mbele ya wageni mpaka anaingia kaburini, na mara moja alimkorogea kwenye uji ili amkomeshe. Tulimwona anavyotapika na kuhema. Sisi watoto tulicheka, maana mama alikuwa anacheka.

Kwa hiyo huo si mzigo wako peke yako. Ushauri niliokupa ndio uliokuwepo, umeandikwa kwenye bango la kliniki, na kila mama niliyemhudumia nilimpa huohuo. Hakuna mwenye kosa.

Ila vumbi, wifi. Vumbi lako. Nguo, pazia, godoro, nywele. Kuhamisha mashine peke yake hakutoshi. Kuta zisuguliwe na kupakwa rangi upya, godoro lake litupwe. Baada ya hapo tutazungumza habari ya kumrudisha.

Msalimie kaka.

Wifi yako,
Sista

3 Machi

Wifi,

Njoo uone nyumba yako! Nasema yako kwa kuwa imekuwa kama wodi. Mashine imehamia chumba cha nyuma ya karakana ya kaka yako. Walipoibeba majirani walitoka wote kuangalia, ungedhani ni maiti. Kuta nimesugua mwenyewe kwa sabuni ya unga mpaka kucha zimekwisha, halafu kaka yako akapaka rangi, nyeupe, yenye michirizi, maana fundi wa kuchomelea vyuma akishika brashi anaishika kama anapigana nayo. Godoro nimelichoma nyuma ya nyumba. Pazia nimegawa. Kule kazini nimetundika magauni mawili ya kazi, navua hukohuko, naoga hukohuko, narudi nyumbani nanukia sabuni kama bibi harusi. Kaka yako anasema tangu tuoane hajawahi kulala na mwanamke msafi namna hii. Nikamwambia, na hutalala naye, nimechoka.

Nacheka, wifi, lakini usiku kitanda cha Kidoti nakiona kipo tu pale na shuka mpya.

Hao watoto waliomwita "Usiniguse", hukuniambia wanaitwa nani. Basi yaishe, wewe umekwenda kwa mwalimu mkuu na umefanya vizuri. Nakushukuru. Unaona, nami najua kushukuru.

Nimemshonea gauni la njano lenye mifuko. Kitambaa nimenunua kipya, nimeshonea kwa jirani, nimelifua mara mbili kwa maji moto kabla ya kulifunga. Anapenda mifuko; anaweka mawe.

Niambie siku. Nyumba iko tayari. Siku yoyote utakayosema nipo hapo mlangoni kwako.

Mama Karanga

18 Machi

Wifi mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa semina. Mambo ya chanjo, mambo ya kawaida tu.

Gauni nimelirudisha kwa huyo huyo aliyelileta. Ni zuri, usinielewe vibaya. Lakini alipolivaa shingo ilitoka vipele viwili. Inaweza kuwa jasho. Inaweza isiwe jasho. Siwezi kucheza bahati nasibu na koo la mtoto.

Kuhusu kurudi, naona tusubiri muhula uishe. Ameanza kusoma na kuandika mwenyewe, na mwalimu anamsifu. Kumng'oa sasa ni kumrudisha nyuma. Pia huku hospitali iko jirani. Kwenu mpaka mfike mtoto ameshakwisha. Nasema kweli kwa kuwa unapenda watu wasemao kweli.

Na jambo dogo ambalo bora ulisikie kwangu: siku hizi akiamka anapitiwa, ananiita mama. Namrekebisha.

Wifi yako,
Sista

6 Mei

Wifi,

Unamrekebisha mara ngapi kwa siku? Nauliza tu.

Nimekaa tangu nirudi kutoka kwako nikisema niache hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Nitaandika hivyohivyo.

Nilikuja kumwona mwanangu. Nilioga kabla ya kutoka, nikavaa nguo mpya toka dukani, hata mkoba niliazima. Ukanifungulia mlango, ukanielekeza bombani kabla hata hujaniambia karibu. Nikanawa. Ukasema, tena. Nikanawa tena. Wewe shahidi yangu, wifi. Nikageuka, naye amesimama nyuma yako ameshika sketi yako. Nikapiga magoti, nikafungua mikono. Akakuangalia wewe. Hakuniangalia mimi, alikuangalia wewe usoni kuuliza kama inaruhusiwa! Na wewe ukasema, "Msalimie mama kutoka hapohapo, mpenzi."

Shikamoo. Kutoka hapohapo. Kama mtu anayemsalimia polisi.

Chai yako sikuinywa, si kwa dharau.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeandika methali hiyo, nimeifuta, nimeirudisha. Najua inakochoma. Mimi ndiye niliyelala na wewe kitandani ile wiki mimba yako ya mwisho ilipotoka, na mume wako akaenda zake. Sikukusema kwa mtu. Lakini wewe sasa unanifanya niwe mtu wa kusema, na hilo sikusamehe.

Haya, sikiliza. Nimeuza mashine.

Umesoma vizuri. Imechukuliwa jana. Ile mashine niliikuta kwa marehemu mama yangu, ikanilea, ikalea wanangu, ikakusomesha wewe mpaka ukavaa sare. Nimeiuza kwa mwanamke mmoja aliyeikagua kwa kuipiga mateke. Magunia yamekwenda nayo, na chekecheke, na magauni ya kazi nimeyatia moto. Nimepata kibarua cha kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mikono yangu sasa inanuka dawa ya kufulia tu, mwambie hivyo Kidoti. Mama yako hana karanga tena. Jina tu ndilo limebaki.

Muhula unaisha mwezi huu. Mfungashie mtoto nguo zake.

Mama wa Kidoti

15 Mei

Wifi,

Habari ya mashine imenishtua. Hukunishauri. Ungenishauri.

Nimezungumza na kaka kwa simu. Nimezungumza na mama pia. Sote tunaona ni vizuri ulivyofanya, lakini haibadilishi mambo mengine. Kidoti anaandikishwa darasa la kwanza hapa hapa. Mtaani kwenu kila nyumba inakula karanga zako za miaka yote. Kila mtoto atakayecheza naye ana karanga mdomoni. Utafua mtaa mzima?

Sikunyang'anyi. Naomba usilitumie tena neno hilo ulilomwambia kaka. Namlea kwa kuwa naweza kumlea akiwa hai. Kama kuna siku ulimpenda mtoto huyo kuliko nafsi yako, basi iwe hii.

Yale ya mimba yangu sikutegemea kuyaona kwenye karatasi.

Sista

11 Juni

Sista,

Sikuiti wifi leo. Nikimaliza utaelewa.

Jana binti wa jirani alinibembeleza nimsindikize kliniki na mtoto wake wa miezi sita. Ile kliniki yako ya zamani. Benchi lilelile, lile lenye mguu wa tofali. Bango la ukutani limebadilishwa lakini sikulisoma, nilikuwa nimembeba mtoto huku mama yake anatafuta kadi. Akatoka muuguzi mgeni, binti mdogo wa miwani, ana sauti kubwa kuliko mwili. Akaanza kufundisha vyakula vya kulikiza, vya mtoto anayeanza kula. Viazi, sawa. Ndizi, sawa. Halafu akasema, "Na siagi ya karanga, laini, iliyotiwa maji isimpalie, tangu afikishe miezi sita. Msisubiri."

Nikadhani amekosea. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Sista, si miaka mitatu?"

"Hayo yalikuwa ya zamani, mama. Yamefutwa."

Yamefutwa! Kama ubao.

Nikamwambia anifafanulie. Akafafanua vizuri, sina ugomvi naye. Alisema tumbo likikutana na karanga mapema linaipokea kama mgeni aliyepita mlango wa mbele. Lakini ngozi iliyopasuka ikikutana nayo kwanza, mwili unaona mwizi kapita dirishani, na siku akija mlangoni anapigwa. Akasema wenye pumu kali ya ngozi waonwe na daktari kwanza, ila hao ndio hasa wasiocheleweshwa.

Nikauliza, "Na mtoto mwenye pumu ya ngozi, amekulia nyumba yenye vumbi la karanga mpaka kwenye shuka, halafu asionjeshwe miaka mitatu mizima?"

Akacheka kidogo. Alidhani natunga mfano. Akasema, "Mama, huyo ungetaka kumtengenezea aleji kwa makusudi, usingepata njia nzuri kuliko hiyo."

Benchi zima likacheka. Nami nilikuwa nimemshika mtoto wa watu, nikaogopa nitamwangusha, nikamrudishia mama yake. Yule binti akaniona uso, akaacha kucheka. Akanishika bega akanitoa nje, akaniletea maji. Nikamuuliza haya mmeyajua lini. Akasema wenyewe walifundishwa mwezi wa tatu, semina ya wilaya nzima, ingawa wakubwa walishaanza kuyasema kabla. Nikataja jina lako la kazini. Uso ukamchangamka. "Namfahamu! Tulikaa benchi moja. Yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine wote waliogopa kuliuliza."

Nikasema, swali gani.

"Aliuliza, 'Na wale tuliowakataza, tuwaambie nini?'"

Nikasema, akajibiwa nini.

"Mkufunzi alisema kila mmoja aangalie moyo wake. Halafu chai ikaletwa."

Sista. Uliuliza. Kwa hiyo ulituona, mimi na Kidoti, tumekaa kichwani mwako palepale semina. Ukarudi nyumbani, ukachukua kalamu, ukaniandikia "mambo ya chanjo". Ukanirudishia gauni. Ukaniacha niuze mashine ya mama yangu nikidhani najisafisha dhambi. Ukamwacha mama yako aniite muuaji hadi sokoni, na mdomo wako ulikuwa na neno moja la kumnyamazisha.

Sikulaumu kwa lile la kwanza. Sikia vizuri, maana nataka ulijue hili usingizini: ungelikuja ukaniambia, "Wifi, tulikosea," ningelia, ningekutukana kidogo, halafu ningekuwekea chakula. Hukujua, na mimi sikujua. Lakini mwezi wa tatu ulijua.

Na kabla sijaondoka, yule binti wa miwani akaniuliza kama namfahamu mtu anayesaga karanga safi, laini, kwa ajili ya akina mama wa kliniki. Kila aliyemuuliza kamwambia, mtafute Mama Karanga.

Jumamosi nakuja kumchukua mwanangu. Usinifungulie kwa maneno.

Mama yake

19 Juni

Wifi,

Jumamosi sikukufungulia na sitajitetea. Tulikuwepo ndani, mimi na yeye, tumekaa chini jikoni mpaka ulipoacha kugonga. Aliniuliza ni nani.

Ndiyo, nilijua.

Sasa niambie, ningekwambia, ingebadilika nini? Mwili hauombwi radhi. Koo lake lingebana vilevile kesho. Ungepata mtu wa kumchukia, basi. Mimi nilifuata bango, kama wewe ulivyonifuata mimi. Waliolichora bango hawajulikani waliko, wamechora jingine, wanalipwa. Mimi nimewakataza akina mama miaka yote ile, unajua ni wangapi? Nikipita sokoni naangalia mashavu ya watoto. Nilipouliza lile swali, wakaleta chai.

Nilitaka kukuandikia. Nilianza. Nikaandika "Wifi, karanga" nikasimama, kwa sababu yeye alikuwa amelala pembeni yangu na mguu nje ya shuka. Nikajua nikiandika mstari wa pili utakuja, na ukija huna tena sababu ya kujiona mkosaji, na usipojiona mkosaji utamchukua. Huo ndio ukweli, wala sikuupaka mafuta. Uliandika methali kuhusu uchungu wa mwana. Mimi uchungu niliupata mara tatu, mwana ndiye sikumpata.

Kama unamtaka, njoo. Nitafungua. Ila nimemwambia aamue yeye, na ameandika kwa mkono wake. Sikumwambia aandike nini. Ndani ya bahasha hii.

Sista

Mama shikamoo

Mimi mzima. Naandika mwenyewe shangazi amekaa kule.

Nimeng'oka jino. Nina rafiki mmoja anakula mkate mtupu ili akae na mimi.

Shangazi anasema kama nataka nirudi nyumbani au nikae. Mama mimi nataka kurudi lakini naogopa mikono yako. Naota inakuja. Ukiwa huna mikono nitarudi. Samahani mama.

Barua zako nazipenda lakini sizigusi. Shangazi anazifungua na glavu halafu ananisomea. Zingine hanisomei anasema ni za watu wazima. Ukiandika usilambe bahasha.

Gauni la njano lilikuwa zuri. Nilikuwa nimeshaweka jiwe.

Kidoti

27 Juni

Mwanangu Kidoti,

Marahaba. Hongera ya jino. Hilo lililong'oka lisitupwe, nitunzie nilione.

Bahasha sikuilamba. Nimeifunga kwa gundi ya dukani, na aliyeipaka gundi ni baba yako, mikono yake ina chuma tu.

Huyo rafiki yako anayekula mkate mtupu, mwambie mama yako kasema Mungu ambariki. Watu wazima wengi hawajafika hapo.

Najua anayekusomea hii ni shangazi yako, amevaa glavu zake. Shangazi, usiruke mstari. Isome yote, hii haina ya watu wazima.

Kidoti, mikono ya mama haikufanya kosa. Ilifanya ilivyoambiwa. Ilioga kila ilipotaka kukugusa. Aliyeiambia hivyo naye aliambiwa na wengine, na wengine hao hawatakuja kukwambia chochote, kwa hiyo usiwasubiri. Hapo shangazi akiacha kusoma, usimuulize kitu. Mwache anywe maji, halafu mwambie aendelee.

Simchukui mtu anayeniogopa. Wanaweza kukubeba wakakuleta, baba yako amesema yuko tayari hata leo, nimekataa. Sitaki ulale kwangu ukiwa umeyafumba macho kwa nguvu. Kaa. Sindano ziko hapo, hospitali iko hapo, na shangazi yako anajua kukuamsha. Umshike mkono mnapovuka barabara.

Lakini nitakuja. Kila Jumamosi, ikinyesha isinyeshe. Sitagonga. Nitakaa pale kwenye ngazi ya chini, wewe ukae ya juu, tuongee habari za jino na za mawe. Siku ukishuka ngazi moja, sawa. Usiposhuka, sawa pia, nitarudi wiki inayofuata.

Karanga nimesaga maisha yangu yote kwa mikono mitupu, hata kaka zako nimewaogesha, nimewalisha, nimewachapa kwa hiyo hiyo. Leo nimepita duka la dawa, nikamwambia muuzaji anipe glavu. Akaniuliza, "Za kazi gani, mama?" Nikamwambia, za kumshika mtoto.

Ziko kwenye mkoba, hazijafunguliwa. Nitazivaa mbele yako uzione.

Mama yako